Difu Ikianza Kulia

Dereva wa njia ya Mbarara na Nakivale hahitaji kuelezwa mlio huu. Kwenye lami ya Kikagati, gari likiwa na abiria wanaopiga soga, husikii kitu. Likishaiacha lami na kuingia changarawe, ukakanyaga mafuta kupanda kilima na magunia juu ya keria, ndipo unapoanza huko nyuma, chini ya kiti cha mwisho, mrefu na mwembamba. Ukiachia mafuta unakatika au unageuka sauti. Hapo kila abiria anakuwa fundi: huyu anasema beringi, yule anasema difu, na hakosekani mmoja wa kushauri uongeze oili nzito tu, utafika.

Makala haya ni ya yule aliyekwisha kuamua kuifungua mwenyewe, iwe uwanjani kwake Nakivale, huko Base Camp, Rubondo au Juru, au kwenye ua wa nyumba ya kupanga hapa Mbarara. Simkatazi. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipofika Wanyarwanda wa kwanza, na kila kundi lililokuja baada yao, Wakongomani, Warundi, Wasomali, lilikuja na mafundi wake. Vichwa na mikono ipo. Gereji yenye vifaa vyote ndiyo iliyo mbali, na nauli ya kulivuta gari bovu hadi mjini inaweza kuzidi bei ya beringi yenyewe. Nataka tu usifungue kabla hujajua utafungaje, maana kufungua difu kunahitaji spana na subira kidogo, lakini kufunga kunahitaji vipimo.

Neno moja kwanza kwa wenye Premio, Spacio na wenzake wanaovutwa na magurudumu ya mbele: difu yenu imo ndani ya giaboksi. Haya ninayoyasema ni ya Hiace, Hilux, Dyna na magari mengine yenye propela inayokwenda nyuma.

Hakikisha kwamba mgonjwa ni difu. Mlio unaobadilika ukikanyaga na ukiachia mafuta unatoka kwenye meno ya krauni na pinioni. Ngurumo isiyojali mafuta, inayoongezeka kwa mwendo tu, mara nyingi ni beringi. Na kama inabadilika unapolipeleka gari kushoto na kulia, tazama beringi za magurudumu kabla hujagusa kingine. Kugonga kwenye kona tu ni gia ndogo zilizomo ndani ya difu. Ukisikia “ko!” unapoingiza gia na kuachia klachi, shika propela kwa mikono miwili uizungushe mbele na nyuma: krosi iliyokufa hugonga vivyo hivyo, na watu wengi wamefungua difu nzima kwa kosa la krosi. Matairi nayo hulia, ila mlio wa tairi hubadilika ukitoka lami kuingia changarawe, wa difu haubadiliki.

Kisha mwaga oili na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni jino lililovunjika. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na hapo beringi haziaminiki hata kama hazijaanza kupiga kelele. Oili hiyo chafu itie kwenye jerikeni. Usiimwage kwenye mfereji unaoelekea bondeni. Maji ya mabonde haya yanaishia ziwani Nakivale, na ziwa hilo ndilo linalotulisha samaki.

Sasa jambo la uhai. Breki ya mkono ya mengi ya magari haya hushika magurudumu ya nyuma. Ukishainua nyuma, na zaidi ukishachomoa hafushafti, breki ya mkono haishiki kitu tena. Kuacha gari kwenye gia nako hakusaidii ukishatoa propela. Kwa hiyo ziba magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, mbele na nyuma yake, kabla jeki haijagusa gari. Chini ya jeki na stendi weka ubao mpana, kwa sababu udongo wetu baada ya mvua unaonekana mgumu juu na ni laini chini. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Kwa Hiace na Hilux nyingi, mpango ni huu: toa magurudumu na dramu, fungua paipu za breki, toa nati nne za kila upande nyuma ya sahani ya breki, vuta hafushafti, ondoa propela, kisha fungua nati za kichwa cha difu. Kichwa chote hutoka kwa mbele kikiwa kimoja. Ni kizito, muwe wawili. Kabla ya kutoa propela chora alama kwenye flanji zake mbili ili irudi ilivyokuwa.

Kichwa kikishakuwa juu ya meza, mkono utawasha kutaka kufungua. Ngoja. Pima kwanza plei ya krauni, yaani ile nafasi ndogo ambayo krauni inacheza huku na huku pinioni ikiwa imeshikwa. Andika. Paka rangi meno matatu au manne, zungusha, piga picha kwa simu jinsi meno yanavyogusana. Chukua ponchi, piga nukta moja kwenye kifuniko cha beringi cha kushoto na nukta mbili kwenye cha kulia, na nukta kama hizo kwenye kichwa chenyewe, kando ya kila kifuniko. Vifuniko hivi vilitobolewa kiwandani vikiwa vimefungwa mahali pake. Ukivibadilisha upande, beringi itakaa mshazari. Weka alama kwenye nati mbili za pembeni, na unapozifungua hesabu mizunguko. Kumbukumbu hii ndiyo mali kubwa utakayokuwa nayo siku ya kufunga, maana meno yaliyokwisha kuzoeana kwa miaka yanataka kurudi yalivyokuwa, hata kama plei yao imezidi kidogo ya kitabu.

Na hapa niseme wazi ninavyoona, ingawa mafundi wengine hawatapenda. Kazi za difu ni za aina tatu, na hazilingani. Kubadilisha sili na gasketi ni kazi ya nyumbani, ila sili ya pinioni ina mtego wake nitakaoutaja. Kubadilisha beringi huku ukirudisha krauni, pinioni na shimu zilezile kunawezekana nyumbani kwa mtu makini mwenye vifaa vya kuazima. Kuweka krauni na pinioni mpya si kazi ya nyumbani, isipokuwa unajua kusoma meno. Mwenye difu iliyovunjika meno asinunue krauni huku na pinioni kule. Hizi mbili husagwa pamoja kiwandani zikiwa jozi na hupigwa namba moja. Ukichanganya jozi, italia hata ukiipanga namna gani. Nafuu yake ni kutafuta kichwa kizima kilichotumika, hapa Mbarara au kwa kuagiza soko la Kisekka huko Kampala, na kukifunga bila kukivunja.

Ukienda kununua kichwa, nenda na namba. Toyota huandika kwenye kibao cha gari, penye herufi C/TR/A/TM. Sehemu ya A ndiyo inayotaja ekseli. Hesabu pia meno, au tazama namba zilizopigwa kwenye krauni: 41 kwa 10 ni uwiano wa 4.1, 39 kwa 10 ni 3.9. Kama kichwa chako bado kimo ndani ya gari, zuia gurudumu moja la nyuma lisizunguke, zungusha lingine mizunguko miwili kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Hesabu hiyo ndiyo uwiano. Gari lenye difu mbele na nyuma lazima zote mbili ziwe na uwiano mmoja, vinginevyo utavunja kitu siku ya kwanza utakapoingiza nguvu ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu. Hapo dukani mulika kila jino kwa tochi ya simu, mzunguko mzima wa krauni. Muuzaji akikuharakisha, nenda kwa jirani yake.

Tuseme basi umeamua kubadilisha beringi. Usafi kwanza. Wakati wa kiangazi vumbi la Nakivale huingia hata kwenye sukari iliyofunikwa, kwa hiyo osha vyote kwa dizeli, vipanguse, vifunike kwa mfuko wa nailoni, na usiache kichwa wazi usiku. Beringi mpya haigongwi kwenye kizimba chake cha roli. Tumia pete ya beringi ya zamani kuisukuma. Kila beringi iende na kikombe chake kipya.

Chini ya beringi kubwa ya pinioni kuna shimu moja nene. Hiyo ndiyo inayoamua pinioni isogee kiasi gani kuelekea krauni. Irudishe ileile. Usiifananishe kwa macho na nyingine. Tofauti za shimu hizi ni sehemu za mia za milimita.

Halafu inakuja nati ya pinioni, na hapa ndipo difu nyingi za nyumbani zinapofia. Kati ya beringi mbili za pinioni, magari mengi yana bushi nyembamba inayobonyea kadiri unavyokaza. Ikishabonyea haitanuki tena. Ukipitiliza, dawa yake ni bushi mpya. Kulegeza nati ni kuiacha pinioni inacheza. Ndiyo maana hata anayebadilisha sili tu, akafungua nati hii na kuikaza kwa bomba refu mpaka jasho limtoke, anaikuta beringi imeungua baada ya safari chache.

Kipimo kinachotakiwa ni uzito wa kuizungusha pinioni kabla krauni haijaingia. Kwa difu ya Hilux ya inchi 8, kitabu cha Toyota kinataka kilo-sentimita 19 hadi 26 kwa beringi mpya, na 9 hadi 13 kwa beringi zilizotumika. Kifaa chake kipo sokoni: mizani ndogo ya ndoana ya kupimia samaki, isiyozidi kilo 10. Zungushia kamba kwenye flanji, funga mizani, vuta polepole, soma wakati flanji inazunguka, si inapoanza. Zidisha kilo kwa umbali wa sentimita kutoka katikati ya flanji hadi kwenye kamba. Kamba ikiwa sentimita 5 kutoka katikati, beringi mpya zitataka mvuto wa karibu kilo 4 hadi 5, za zamani karibu kilo 2 hadi 2 na nusu. Gari lako likiwa si hilo, tafuta namba zake. Namna ya kupima ni ileile.

Nimewahi kukaa kwenye ua mmoja wa Wakongomani nikitazama kazi hii. Kijana ameshika bomba, mzee ameshika mizani. Nati ilikuwa ngumu muda mrefu bila mizani kusogea, halafu ghafla mshale ukaanza kupanda. Kijana akauliza, “Papa, nikaze tena?” Mzee akamjibu bila kuinua macho, “Zungusha kwanza, mwanangu. Beringi haijakaa.” Wakaizungusha mara nyingi, mbele na nyuma, mshale ukashuka. Ndipo akamruhusu asogeze nati, kiasi cha upana wa ukucha. Walifanya hivyo mpaka chai ikapoa.

Krauni nayo inataka jiko. Inaingia kwenye mwili wa difu, ule wenye gia ndogo ndani, kwa kubana sana, na anayeipiga kwa nyundo huiacha imepinda. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka hadi ipate moto yote. Kitabu kinataka nyuzi 100 hivi. Kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,200 maji huchemka chini kidogo ya hapo, na yanatosha. Usiiweke juu ya makaa, utaua ugumu wa chuma. Itoe kwa koleo, ipanguse maji haraka, ivishe ikiwa ya moto kwa kufuata alama, shikiza bolti kwa mkono. Ikishapoa, zikaze kwa kupishana kama unavyokaza gurudumu, kwa spana ya toki, si kwa hisia: kwa difu hiyo ya inchi 8 ni nyutoni-mita 97. Vibati vya kufungia bolti vikiwemo, vikunje. Usiache hata kimoja.

Weka mwili wa difu kitini, vikombe vya beringi kila kimoja upande wake, vifuniko kwa nukta zake, na nati za pembeni kwa mizunguko uliyohesabu. Nati hizi mbili zinafanya kazi pamoja: ukilegeza moja jino moja, kaza ya pili jino moja, krauni inasogea bila kubadilisha mbano wa beringi. Ukishafika penye plei sahihi, ongeza mbano kwa jino moja au moja na nusu. Vifuniko vikazwe nyutoni-mita 78, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza vifuniko kunaweza kubadilisha plei.

Plei yenyewe, kwa difu mpya ya aina hii, ni milimita 0.13 hadi 0.18; kwa meno yaliyozoeana, rudisha ile uliyoiandika. Kidole hakiwezi kupima hiyo, na asikudanganye mtu kwamba amezoea. Unahitaji geji ya saa yenye kitako cha sumaku. Huna? Ifunge kazi yako hadi hapo, pakia kichwa kwenye taksi, kipeleke Mbarara kwa fundi mwenye geji, umlipe kwa muda wake. Pima sehemu tatu za krauni au zaidi. Zikitofautiana sana, krauni imekaa vibaya au imepinda.

Mwisho wa vipimo ni rangi. Paka meno matatu au manne rangi ya mafuta, nyembamba, sehemu tatu za mzunguko. Mmoja aizuie krauni kidogo kwa kipande cha mti, mwingine azungushe pinioni kwenda na kurudi. Alama nzuri hukaa katikati ya jino. Ikiwa juu kwenye ncha au imekimbilia mwisho wa nje, pinioni iko mbali na krauni, inataka shimu nene zaidi. Ikiwa chini kwenye shina la jino au imekimbilia mwisho wa ndani, pinioni imesogea mno, inataka shimu nyembamba. Kila ukibadilisha shimu, plei inaanza upya. Mafundi wenye akili huchukua beringi ya zamani, wakaitanua tundu kwa msasa hadi iingie na kutoka kwa mkono, wakaitumia kujaribia shimu. Beringi mpya huvishwa mara moja tu, mwishoni.

Difu iliingia kwenye magari kupitia fundi saa, Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyeisajili kwa gari la mvuke mwaka 1828. Nadhani hilo linaeleza kwa nini inataka vipimo vidogo hivi.

Kurudisha kichwa ndani ya gari ni kazi ya haraka: futa gasketi ya zamani yote, gundi kidogo tu ili isiingie ndani, hafushafti zirudi kwa upole zisikate sili. Toa upepo kwenye breki na uzijaribu kwa mwendo mdogo kabla ya kitu kingine. Kisha jambo linalosahaulika: pumzi ya ekseli, ile kofia ndogo juu ya ganda. Kwa barabara zetu huziba kwa matope. Ikiziba, joto husukuma oili kupitia sili hadi kwenye breki. Na ekseli ya moto ikizama kwenye dimbwi la baridi msimu wa mvua, huvuta maji kwenda ndani. Isafishe mpaka ipitishe hewa.

Oili iwe ya GL-5, 80W-90 au 85W-90. Pinioni ya difu hizi imekaa chini ya kitovu cha krauni, kwa hiyo meno husuguana yanapozunguka, na oili ya injini haiwezi kuyalinda. Jaza gari likiwa limesimama sawasawa, hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Kujaza zaidi hakusaidii.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo. Endesha kilomita 20 au 30 polepole, simama, gusa kichwa cha difu, kisha liache gari lipoe kabisa; fanya hivyo kila unaposimama. Joto la kuvumilika kwa kiganja ni la kawaida, la kuunguza si la kawaida. Magunia na abiria wa kujazana wasubiri hadi zifike kilomita 500 hivi. Hapo mwaga oili na utazame sumaku. Ukikuta uji laini, weka oili mpya na uendelee na kazi. Ukikuta vipande, usipakie abiria hata mmoja kwa tamaa ya nauli ya siku hiyo: difu ikikaba kwenye mteremko, magurudumu ya nyuma hufunga papo hapo.